Chuma kinachovutwa kurudi: kapasita tatu, kasi ileile, na mosfeti tatu zilizokufa

Kifaa kinachochambuliwa hapa ni mzinga mdogo wa koili wa mezani. Kina koili moja iliyovingirishwa juu ya mrija wa plastiki, kapasita ya kuhifadhia umeme, swichi ya umeme, na kipande cha chuma kinachovutwa kikatokea upande wa pili. Kilianza na kapasita moja ya mikrofaradi 10,000, volti 63, inayochajiwa hadi volti 50. Kilifanya kazi. Kisha zikaongezwa kapasita mbili za aina ileile sambamba na ya kwanza, kwa hoja ambayo karibu kila anayeanza huifuata: nishati ikiwa mara tatu, chuma kitakwenda kasi zaidi. Hakikwenda. Kilitoka kwa kasi ileile, na mara nyingine kikasitasita ndani ya mrija kabla ya kutoka. Katika kutafuta dawa, mosfeti tatu (swichi za elektroniki zinazoweza kuwasha mkondo na kuukata) ziliungua, kila moja kwa sababu yake.

Vipimo kwanza, maana bila hivyo mjadala wote unakuwa wa kubahatisha. Kipande ni nondo laini ya mm 6, urefu mm 30, uzito karibu gramu 6.7. Mrija una tundu la mm 7 na kipenyo cha nje cha mm 9. Koili ina urefu wa mm 30 na mizunguko 120 katika tabaka nne, ya waya wa shaba wa kusukia mota wenye kipenyo cha mm 0.9. Waya wote ni karibu mita 5, ukinzani wake omu 0.13, na induktansi ya koili (ubishi wake dhidi ya mkondo kubadilika) ikiwa tupu ni mikrohenri 55 hivi. Ukijumlisha ukinzani wa kapasita, nyaya na swichi, mzunguko mzima unafika omu 0.18 kwa kapasita moja na 0.16 kwa tatu. Swichi ya mwanzo ni thairista BTW69, ambayo haina shida na mshituko wa mamia ya ampea.

Mrija uwe wa plastiki kweli. Mrija wa shaba au alumini unageuka mzunguko mmoja uliopiga shoti ndani ya koili, unakula nishati na kuzuia uga usiingie upesi. Ukilazimika kutumia chuma chochote, upasue kwa msumeno mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kilichotokea ndani ya milisekunde kumi

Koili haijui kusukuma. Inavuta tu, na inavuta kuelekea katikati yake. Chuma kikiwa upande wa kuingilia, mvuto ni msaada. Kikivuka katikati, mvuto uleule unakigeukia na kukirudisha. Kwa hiyo swali si kiasi gani cha nishati kimeingia kwenye koili. Swali ni mkondo uliobaki pale chuma kinapofika katikati.

Tuangalie kapasita moja. Kwa vipimo vya hapo juu, mkondo unapanda hadi karibu ampea 217 baada ya milisekunde 0.7. Ikifika milisekunde 2 umeshuka hadi 116, na milisekunde 4 umebaki 29. Pua ya chuma ikianzia mdomoni mwa koili, chuma kina mm 30 za kusafiri hadi kikae katikati, na kinazimaliza katika milisekunde 5 hivi. Wakati huo zimebaki ampea 14 tu. Kinatoka kwa takribani mita 10 kwa sekunde, na mvuto wa kurudi haukiumizi sana. Yaani bila mtu kukusudia, kapasita ile moja ilikuwa imelingana na safari ya chuma.

Sasa zipo tatu. Kilele kinakuwa karibu ampea 270 katika milisekunde 1, na chuma kinafika katikati mapema zaidi, kwenye milisekunde 3.7 hivi, kikiwa na mita 16 kwa sekunde. Hapo kasi iliyotafutwa imeshapatikana. Ila mkondo bado ni ampea 160. Milisekunde 6 bado ni 95, na hata milisekunde 10 ni 39. Kapasita hazijaisha, thairista imefunguka (inapitisha umeme) na haina namna ya kufungwa mpaka mkondo wenyewe ukauke. Chuma kinatoka kikiburuzwa nyuma njia nzima na kupoteza karibu mita 6 kwa sekunde. Kinachobaki ni mita 10 au 11. Kati ya jouli 37.5 zilizowekwa, chini ya nusu jouli ndiyo iliyotoka na chuma. Asilimia 1. Kapasita moja ilikuwa inatoa karibu asilimia 2.7.

Hizi ni hesabu za mkono zinazochukulia kwamba chuma kimeshiba usumaku, jambo ambalo kwa ampea mia na zaidi ni kweli kwa nondo ya aina hii. Chuma kikishiba, nguvu inapanda sawia na mkondo na si kwa mraba wake, kwa hiyo hata matumaini ya kwamba ampea nyingi zingefidia yote hayapo.

Kuna njia ya kuthibitisha jambo hili bila oskiloskopu, nayo ni kusoma volti iliyobaki kwenye kapasita mara tu baada ya kufyatua. Kwa thairista utakuta karibu sifuri: umeme wote umepita, ukiwemo ule uliokuwa unarudisha chuma nyuma. Zidisha mikrofaradi kwa volti zilizopungua, utapata chaji yote iliyopita kwenye koili. Soma ndani ya sekunde mbili, maana kinzani cha kumaliza chaji, kile cha kiloomu 1 kinachotajwa mwishoni, kinaendelea kuishusha. Mwenye oskiloskopu aweke shanti ya paneli (kinzani kidogo sana cha kupimia mkondo), ile ya ampea 200 kwa milivolti 75, upande wa hasi. Ampea 270 zitaonekana kama milivolti 101, na umbo lote la mkondo litakuwa mbele ya macho.

Mosfeti tatu

Dawa ni kukata mkondo kabla chuma hakijafika katikati. Wazo hilo ni sahihi. Ila kuwasha mkondo wa ampea mia mbili ni kazi nyepesi ukilinganisha na kuuzima, na hapo ndipo vifaa vilipokwisha.

Ya kwanza ilikuwa IRF3205, geti lake (mguu unaoiamuru iwake au izime) limeungwa moja kwa moja kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuprogramu. Iliungua mara ya kwanza tu. Datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) inataja miliomu 8, namba ya kuvutia sana, lakini namba hiyo ni ya geti lenye volti 10. Kwa volti 5 mosfeti hii inafunguka nusunusu: inabana mkondo, inabeba volti nyingi na ampea nyingi kwa wakati mmoja, na kipande cha silikoni kilicho kidogo kuliko ukucha kinapokea maelfu ya wati. Ganda linaweza lisionyeshe hata ufa. Ukipima kwa mita kati ya dreni na sosi, miguu miwili ambayo mkondo mkubwa hupitia, unapata sifuri pande zote mbili.

Ya pili ilikuwa IRF3205 nyingine, safari hii ikiwa na diraiva TC4420, chipu ya kuendesha geti, inayolipa geti volti 12. Ilifunguka vizuri, ikafungwa vizuri, na kufungwa huko ndiko kulikoiua. Kwenye milisekunde 3 koili ina ampea 188 na imebeba karibu jouli 1 katika uga wake. Mkondo wa koili haukubali kukatwa ghafla. Ukifungiwa njia, volti inapanda yenyewe mpaka ipatikane njia nyingine, na njia iliyokuwepo ni mosfeti yenyewe, ambayo ukomo wake ni volti 55. Datashiti inaruhusu mosfeti hii kumeza takribani robo jouli kwa pigo moja la namna hiyo. Ilipewa mara nne yake.

Mwaka 1903 mwanafizikia wa Norwei, Kristian Birkeland, alikutana na ubishi huohuo wa umeme kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 6 Machi alikuwa anaonyesha mzinga wake wa koili mbele ya wageni katika ukumbi wa chuo kikuu cha Kristiania, mji unaoitwa Oslo leo. Shoti ikatokea, na tao la umeme likalipuka kwa mwanga na kishindo. Mzinga haukuuzika, lakini tao la umeme ndilo yeye na mhandisi Sam Eyde walilolitumia baadaye kutengeneza mbolea kutokana na naitrojeni ya hewani, na kampuni ya Norsk Hydro ikaanzishwa mwaka 1905. Kwenye meza ya kifaa chetu tao hilo halionekani. Linawaka ndani ya ganda jeusi la mosfeti.

Ya tatu ndiyo yenye funzo zaidi, kwa sababu aliyeiweka tayari alijua tatizo. Dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliungwa sambamba na koili, ielekee kinyume, ili mkondo uzunguke hapo baada ya swichi kufungwa. Sahihi kabisa. Dayodi yenyewe ilikuwa 1N4007, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa droo. Ni dayodi ya ampea 1, inayostahimili mshituko wa ampea 30. Ilipewa 188. Pigo la kwanza ikapiga shoti, kimya, na chuma kikatoka vizuri tu, hivyo ikaonekana kazi imekwisha. Pigo la pili ilikuwa kana kwamba koili imerukwa kwa kipande cha waya: umeme wa kapasita tatu ukapita kwenye dayodi iliyokufa na kuingia mosfeti moja kwa moja, bila koili kuupunguza mwendo. Kilichovunjika safari hii ni mosfeti, lakini kilichoiua ni dayodi ya senti chache iliyokufa pigo moja kabla. Ndiyo maana mosfeti ikiungua, pima dayodi na diraiva kabla ya kuweka nyingine. Geti likitoboka, umeme wa kapasita unaweza kurudi hadi kwenye diraiva na kwenye Arduino. Optokapula (inayopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya kuungana) kati ya Arduino na diraiva inagharimu kidogo kuliko Arduino mpya.

Mzunguko uliosimama

Mosfeti ni IRFP4668: volti 200, miliomu 8 hadi 10, ampea 130 mfululizo na 520 kwa pigo. Ampea 270 za kilele zinaingia humo bila wasiwasi. Shida yake ni kwamba zinauzwa bandia nyingi, zenye silikoni ndogo ndani ya ganda kubwa. Kabla ya kuifunga, ipe geti volti 12, pitisha ampea 5 kutoka pawasaplai yenye ukomo wa mkondo, pima volti kati ya dreni na sosi. Halisi itaonyesha milivolti 40 hadi 50. Ikionyesha 150 au 200, irudishe dukani.

Diraiva TC4420 ikae sentimita mbili au tatu kutoka kwenye geti, na kapasita ya mikrofaradi 10 pamoja na ya nanofaradi 100 miguuni pake. Kati ya diraiva na geti weka kinzani cha omu 10 hadi 22. Hapa wengi hukosea kwa kutaka mosfeti izime haraka iwezekanavyo. Waya wa sentimita 10 una induktansi ya nanohenri 100 hivi. Ukizima ampea 188 ndani ya nusu mikrosekunde, waya huo peke yake unazaa volti 38 za ziada juu ya kila kitu kingine. Kati ya geti na sosi weka kinzani cha kiloomu 10, ili Arduino ikizimika au ikianza upya geti libaki chini, na zena ya volti 15, dayodi inayozuia volti za geti zisizidi hapo.

Njia ya kurudishia mkondo ina vitu viwili vilivyofuatana: dayodi ya kasi ya ampea 60, volti 600, kama DSEI60-06A, na vinzani viwili vya omu 0.68, wati 5, vilivyoungwa sambamba kupata omu 0.34. Kwa nini kinzani? Dayodi peke yake inaokoa mosfeti lakini haiokoi kasi. Mkondo ukiachwa uzunguke kwenye koili na dayodi tu, unapungua kwa kasi inayotokana na induktansi kugawanywa kwa ukinzani: mikrohenri 55 kwa omu 0.13, yaani milisekunde 0.42 kila unaposhuka hadi theluthi moja na kidogo. Chuma kikifika katikati bado zipo ampea 35, zinavuta nyuma. Ukiongeza omu 0.34, muda unashuka hadi milisekunde 0.12 na mkondo unakuwa umekufa chuma kikifika. Gharama yake ni volti: mosfeti inabeba 50 za kapasita (tukihesabu kana kwamba bado imejaa), 64 za kinzani na moja ya dayodi, jumla 115. Ongeza zile 38 za waya, unafika 153. Mosfeti ya volti 200 inatosha. Ya volti 100 ingeungua, na ingekuwa mosfeti ya nne.

Yupo atakayesema nishati hiyo inapotea bure kwenye kinzani, na ni kweli. Mosfeti mbili na dayodi mbili, moja juu na moja chini ya koili, zinarudisha jouli ile kwenye kapasita na kuzima mkondo kwa karibu upesi uleule. Mzunguko huo ni mzuri, ila unadai diraiva ya upande wa juu, na kwa kifaa cha koili moja jouli 1 haistahili usumbufu huo.

Muda wa pigo unapangwa na Arduino kwa delayMicroseconds, ambayo ni sahihi hadi mikrosekunde 16,383. Anza na mikrosekunde 1,000 na upande kwa hatua za 250. Kasi ipimwe kwa miale miwili ya infraredi iliyoachana mm 100 baada ya mdomo wa mrija. Kwa mita 15 kwa sekunde tofauti ya muda ni mikrosekunde 6,667, na Arduino Uno inahesabu kwa hatua za mikrosekunde 4, usahihi wa kutosha kabisa. Kasi itapanda, itafika kilele, kisha itashuka. Kwa kifaa hiki kilele kinatarajiwa karibu na mikrosekunde 3,000, chuma kikitoka kwa mita 15 hivi kwa sekunde. Kapasita itabaki na volti 28, kwa hiyo zimetumika jouli 26 tu badala ya 37.5, na chuma kimebeba mara mbili ya nishati ya awali.

Ile volti 28 ni ya kuangalia kila pigo. Ukikuta sifuri, mosfeti au dayodi imepiga shoti. Ukikuta 45, geti halifunguki vizuri au programu imekata mapema. Weka kwenye programu ukomo wa mikrosekunde 5,000 usioweza kuvukwa hata mtu akikosea kuandika namba.

Namba zikiruka kati ya pigo na pigo, tatizo mara nyingi ni mahali chuma kinapoanzia. Milimita 2 mbele au nyuma zinabadilisha muda wa kufika katikati, kwa hiyo weka kizuizi cha plastiki nyuma yake. Tatizo jingine ni joto. Shaba ya koili hii ina gramu 28, na pigo kamili linaipandisha karibu nyuzi 3. Mapigo kumi mfululizo ni karibu nyuzi 30, ukinzani umepanda zaidi ya asilimia 10, na kilele cha mkondo kimeshuka. Subiri ipoe, ndipo ulinganishe.

Kuchaji na kukaa salama

Chaji kupitia kinzani cha omu 47, wati 10. Inachukua sekunde 7. Kata chaja kabla ya kufyatua. Juu ya kapasita kiwepo muda wote kinzani cha kiloomu 1, wati 5, kilicholehemiwa na si cha kuchomeka. Kitashusha volti 50 hadi 5 katika sekunde 70 hivi. Kabla ya kugusa chochote, pima kwa mita, na usiridhike mpaka isome chini ya volti 1. Kapasita za aina hii hurejesha volti kidogo zikiachwa, kwa hiyo acha kinzani mahali pake hata kifaa kikiwa kabatini.

Volti 50 hazitupi mtu chini, lakini jouli 37 kupitia pete ya kidole au bisibisi zinayeyusha chuma papo hapo. Vua pete na saa. Vaa miwani, maana kapasita iliyounganishwa kinyume hupasuka. Chuma kipokelewe na sanduku lililojazwa matambara, lililofungwa mezani, na mdomo wa mrija usielekee mahali mtu anapoweza kupita. Na usikubali kubadili kapasita hizi kwa zile za flashi ya kamera zenye volti 300 na zaidi kwa sababu tu ni rahisi kupatikana. Hizo zinaweza kuua, na mosfeti, dayodi na vinzani vyote vilivyohesabiwa hapa vitakuwa si vyake tena.

Aliye na thairista tu, na hana haja ya zaidi ya mita 10 kwa sekunde, hahitaji kununua lolote kati ya haya. Atoe zile mbili za ziada, asogeze chuma mm 2 mbele, mm 2 nyuma, huku akisoma kasi, mpaka apate mahali pake.